Shikamoo ya Bwawani

Sitakulazimisha uniamini. Nilisoma chuo kikuu, nikafundishwa kutoamini kitu kisicho na tanbihi, na kwa miaka mingi nimejitahidi kutoliamini jambo hili. Lakini lilinitokea mimi, nikiwa na akili zangu timamu, alasiri, bisibisi mkononi.

Ilikuwa wakati wa vijiji vya ujamaa. Nilikuwa kijana kutoka Tabora, nimepangiwa kazi katika ofisi ya serikali Lushoto. Hakuna mpweke kama mtu wa nchi tambarare aliyepelekwa milimani. Watu wa kule ni wema, lakini jioni inapoingia baridi kila mmoja anajifungia kwake, wanaongea Kishambaa jikoni, moshi unapenya kwenye mapaa, na wewe unabaki na chumba cha kupanga na kitabu cha uchumi. Zilikuwapo siku ambazo mtu pekee niliyezungumza naye alikuwa muuza viazi.

Kijiji kimoja cha upande wa Rangwi kilikuwa kimeziba mto kikapata bwawa la perege. Mtaalamu wa kigeni aliyewasaidia aliporudi kwao aliwaachia mashua ndogo yenye mota ya umeme, kifaa chembamba kama mpini wa jembe, chenye rafadha ya kusukuma maji chini, kinachotumia betri ya lori. Hakipigi kelele, kwa hiyo samaki hawashtuki nyavu zinapotandazwa. Shida ilikuwa moja: kila mashua ilipofika katikati ya bwawa, mota ilizima. Wanakijiji walikuwa watu wa mahindi na maharage, hawajui kuogelea. Baada ya kuvutwa kwa kamba mara kadhaa kama ng'ombe mkaidi, wakagoma kupanda. Nyavu zikakaukia ukutani.

Ofisini wakauliza nani anajua umeme. Niliwahi kuitengeneza redio ya mkuu wangu, yaani niliipiga kofi ikalia. Nikatumwa.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Shekimweri, alinipeleka bwawani.

"Ndugu Afisa, hapa ukingoni inazunguka kama cherehani. Pale kati, kimya. Ukiirudisha huku, inazunguka tena."

"Ni waya tu, mzee."

"Enhe, ni waya," akasema, kwa sauti ya mtu anayemkubalia mtoto, akaenda zake kwenye mkutano wa mbolea.

Nikaanza kazi. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga mweupe. Nikavikwangua mpaka vikang'aa. Fyuzi nzima. Swichi nikaifungua, nikaipuliza, nikaifunga. Nikafuata waya kwa vidole kuanzia mwanzo hadi mwisho nikitafuta mahali palipokatika ndani ya ngozi yake. Nilikuwa na taa ndogo ya kujaribia, balbu ya gari niliyoiunga nyaya mbili, na kila nilipoigusisha iliwaka. Wakati huo watoto wa shule walikuwa wanapita njia ya juu, na kama unavyojua watoto wa kule walivyolelewa, hakuna aliyepita bila kuniamkia. Shikamoo. Marahaba. Shikamoo. Marahaba. Ikafika mahali najibu bila kuinua kichwa, kama mtu anayegonga mihuri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," nikasema, waya ukiwa katikati ya meno.

Halafu nikanyanyua macho. Niambie, wewe ungefanya nini? Mbele yangu alisimama bibi kizee, mgongo umepinda, kitenge kimefungwa kichwani, umri wa kumzaa mama yangu. Nilitamani bwawa linimeze.

"Nisamehe bibi! Nilidhani ni mtoto. Shikamoo, shikamoo sana."

Akatikisa kichwa. Hakuipokea.

"Umeshaitikia," akasema. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi. "Wakubwa wangu wote wameisha, baba. Kila niliyekuwa namwamkia amezikwa. Unajua ilivyo, kuamka asubuhi hakuna hata mmoja duniani wa kumwambia shikamoo? Unakuwa kama nyumba isiyo na paa. Nivushe, nakwenda kwangu."

Ukweli ni kwamba nilifurahi. Kwa wiki nyingi hakuna aliyenieleza jambo la moyoni. Ilikuwa lazima niijaribu mashua majini, na kampani sikuikataa. Nikampakia, akaketi juu ya sanduku la betri, nikawasha mota. Ikaenda vizuri, laini, bila sauti. Nilijisifu kimoyomoyo.

Ukungu ukashuka mlimani. Ukungu wa Usambara haukujulishi. Unageuka tu, miti haipo. Tukafika katikati, na mota ikazima.

"Hapahapa, baba," akasema bibi. "Mlango uko hapa chini."

Sikumsikiliza. Aibu ya fundi ni kubwa kuliko hofu yake. Nikamwomba asogee, nikapiga magoti, nikafungua sanduku. Nikagusisha taa yangu kwenye betri: inawaka. Baada ya fyuzi: inawaka. Kwenye waya unaoingia kwenye mota yenyewe: inawaka sana tu. Nikanyanyua rafadha nione kama imesokotwa na majani: safi, nyepesi, inazunguka kwa kidole. Umeme ulikuwa unafika na mota ilikuwa nzima, lakini haikuzunguka. Nikachomoa waya wa chanya kwenye betri ili nianze upya.

"Baba, naomba ruhusa."

"Subiri kidogo, bibi."

"Nimesubiri tangu masika. Mtu haingii ndani bila kumuaga mkubwa. Naomba ruhusa."

Nilimjibu kama maofisa wote tunavyowajibu watu, macho yakiwa kwenye kazi. "Haya, bibi. Ruhusa. Nenda salama."

Mashua haikutikisika. Maji hayakutoa hata mlio wa jiwe dogo. Nilipogeuka, alipokuwa amekaa palikuwa pakavu na patupu. Nikaita, nikainama juu ya maji, nikatia mkono mpaka begani. Maji meusi, baridi, basi.

Ndipo mota ikawaka. Naapa, waya wa chanya nilikuwa nao mkononi, haujagusa kitu. Rafadha ikazunguka polepole, ikanipeleka hadi ukingoni, ikanyamaza.

Mzee Shekimweri alinikuta nimekaa kwenye nyasi. Nikamweleza. Alichotaka kujua kilikuwa kimoja.

"Alikuamkia? Ukaitikia?"

"Sikujua, mzee. Nilikuwa nimeinama."

"Loo, wasomi! Yaani shikamoo ya bibi kizee unaipokea kama mshahara!" Akacheka, kisha akaacha. Akanieleza kwamba maji yale yalikuwa yamefunika nyumba ya bibi huyo. Walimhamishia kijijini juu, akafariki mwanzo wa masika, na waliokwenda kuchota maji walikuwa wakimwona ukingoni, anaamkia kila apitaye. Nao, watu wazima kwa watoto, walijua la kufanya: kupita kimya. "Amekwenda sasa. Mashua haitasumbua tena. Lakini wewe, mwanangu, umekubali ukubwa ambao si wako. Sijui utautua wapi."

Mashua haikusumbua tena, na ofisini nikasifiwa kwa ufundi. Nami nikadhani yameisha.

Miaka michache baadaye, Muheza, mlinzi wa nyumba ya wageni, mzee wa mvi, alinifungulia lango akasema, "Shikamoo, baba." Kabla sijajizuia ulimi ukajibu. Asubuhi walimkuta amelala moja kwa moja, uso umetulia. Halafu mwalimu wangu wa zamani, nilipomtembelea kule Amani alikohamia baada ya kustaafu, aliinuka kwenye kiti kwa shida, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniamkia. Nikadhani ni utani wake. Nikaitikia huku nacheka. Sikuwahi kumwona tena.

Tangu hapo sitembelei wazee. Harusi siendi, misiba nakaa nyuma kabisa na watoto. Nikiona mvi inakuja barabarani, navuka upande wa pili. Wenzangu wanasema elimu imeniharibu, nimekuwa na kiburi. Nawaacha waseme, maelezo mengine yangenigharimu kazi.

Lakini mama huwezi kumvukia barabara. Mwaka jana nilikwenda Tabora. Nilimkuta kitandani, amebaki mifupa na macho, maumivu hayampi usingizi. Akaniangalia muda mrefu.

"Shikamoo, baba," akasema.

Sikuitikia. Nikakohoa, nikauliza habari za mahindi. Dada yangu akasema anapayuka, homa hiyo. Mama hakuuliza kwa nini simjibu. Alifumba macho tu, kama mtu aliyeambiwa ofisi imefungwa, rudi kesho. Nikienda tena ananiamkia tena, kwa sauti ndogo kuliko ya mara iliyopita, na mimi nageukia dirisha. Madaktari wanashangaa bado yupo. Usiku anaugua mpaka majirani wanasikia. Neno moja langu lingemlaza, nami sina mwingine duniani wa kumwambia shikamoo.

Basi wewe unayesoma, ukiamkiwa, inua kichwa kwanza, umwone anayekuamkia. Na kama umenizidi umri, tukikutana njiani, nakuomba sana: niulize habari tu.