Mzee Aliyetusomea Taarifa ya Kijiji

Habari ya kifo chake ilinikuta Deira, dukani kwa wakala wa mizigo, nikiwa nimeinama naandika jina la shemeji yangu juu ya boksi. Ujumbe uliingia kwenye kundi letu la simu, sisi watu wa kijiji kimoja tunaoishi huku Dubai: mzee wetu ametangulia mbele ya haki, maziko ni leo alasiri, huko huko kijijini. Nilisoma mara mbili, kisha nikamwonyesha wakala, mtu wa Mombasa mwenye maneno mengi, kwa kuwa marehemu aliwahi kumfungia mizigo kwa miaka mingi. Akaweka gundi chini. "Ni yule mzee wa maswali?" akauliza. Nikamwambia ndiye. "Dah, pole sana dada. Yule mzee angekuuliza kidogo kidogo mpaka usahau uongo uliokuja nao." Nikacheka, halafu kicheko kikanigeuka, nikalia palepale katikati ya maboksi ya watu.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua sina kawaida ya kulilia watu gazetini. Na huyu hakuwa ndugu yangu wala jirani yangu. Tulijuana kwa sababu ya kijiji tu, kijiji kidogo cha mwambao wa Tanga ambacho wengi wetu tulikiacha tungali wadogo na bado tunakiita nyumbani. Kila mwaka, mkutano mkuu wa kijiji ukishamalizika, mtendaji hututumia taarifa ya mwaka: maji, barabara, zahanati, chakula cha mchana cha shule, vikundi vya akina mama wa mwani, mapato na matumizi. Tunachangia, kwa hiyo tunaletewa. Ijumaa moja baada ya sala tulikuwa tukikusanyika sebuleni kwangu Al Twar, tukala, na sahani zikishaondolewa mzee alikuwa akivaa miwani yake na kutusomea taarifa mstari kwa mstari, kwa sauti ile ya mtu aliyezoea kusomea wengine barua.

Lakini hakuwa akisoma tu. Alikuwa na sharti lake, na sharti hilo lilimchosha kila mtendaji aliyepita: kila huduma iliyoandikwa lazima iwe na mtu. Taarifa ikisema kisima kimetengenezwa, basi aletwe kwenye simu mtu aliyechota maji pale. Si mwenyekiti, si mjumbe wa kamati, bali mtu yeyote aliyetoka na ndoo yake. Simu inawekwa mezani, sauti juu, sote tunasikia. Na maswali yake yalikuwa madogo mno, mpaka wageni walidhani anapiga soga. Alikuwa akisema swali kubwa mtu hulikariri jibu lake njiani, ila swali dogo humkuta hajajiandaa.

Nakumbuka mwaka wa kisima. Taarifa ilisema pampu mpya inafanya kazi, na mama mmoja wa kikundi cha mwani akaletwa kuthibitisha. Mzee akamsalimu, akamuulizia watoto, akamuuliza kama pampu inatoa maji. Mama akasema inatoa, wanashukuru sana. "Alhamdulillahi," mzee akasema. "Na leo maji yake mmepikia nini?" Tukasikia mtu akikohoa pembeni yake, kikohozi cha kumkumbusha mtu jambo. Kisha yule mama akasema taratibu, "Mzee wangu, nisikudanganye. Pampu wameifunga lakini haijatoa hata tone. Tunachota kulekule bondeni." Mzee hakupandisha sauti. Akamwambia ahsante mama, nenda kaangalie chungu chako, tumekuweka sana. Kisha akamwita mtendaji, akamwambia, "Hapo andika bado. Bado si aibu. Mwakani tutauliza tena."

Mwaka uliofuata alikuja mtendaji mpya. Mzee alifika kwenye orodha ya akina mama waliogawiwa kamba za mwani, akaisoma jina kwa jina, akarudia tena kutoka juu. Akauliza simuni mbona yule mama wa kisima hayumo. "Amehama, mzee," mtendaji akajibu. Amehamia wapi? "Nasikia kwa mwanawe." Mzee akaendelea kusoma. Watu walipoanza kuondoka alinifuata jikoni, akasimama karibu na jokofu, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, yule mama nimezungumza na kaka yake juzi. Hajahama. Yuko palepale, anaungaunga kamba kuukuu." Nikamwambia labda wamekosea kuandika. Nikaendelea kuosha vyombo. Nilivaa miwani ya mbao, na nilijua kwamba nimeivaa.

Taarifa ya mwaka uliofuata ilikuwa na rangi. Ilikuwa na picha, na majedwali, na upande wa kulia neno moja likishuka kutoka juu mpaka chini: imetekelezwa, imetekelezwa, imetekelezwa. Hapakuwa na bado hata moja. Mtendaji aliambatanisha barua ya heshima kuomba tuache utaratibu wa kupigisha watu simu, kwa kuwa unawagawa wanakijiji na kuwavunjia viongozi heshima mbele ya waliowachagua. Mimi ninayekula kwa kalamu nilitekwa na Kiswahili cha barua ile. Nikasimama sebuleni kwangu mwenyewe, nikasema tumekuwa kama wakaguzi, tunawahoji ndugu zetu kana kwamba ni wezi, na huo ni utovu wa adabu. Mzee aliinyanyua picha ya zahanati, akaitazama kwa muda, akasema, "Hii wameipiga mlango ukiwa umefungwa." Nami nikamjibu mbele ya watu, "Kwani mzee, ulitaka waipige mtu akichomwa sindano?" Watu wakaangua kicheko. Tukakubaliana, simu zikaachwa. Mzee hakubisha. Alinipa karatasi mkononi akasema, "Basi soma wewe, mwanangu. Mimi kusoma bila kuuliza sijui." Nikasoma yote kwa madaha, na nilisifiwa.

Haukupita muda mrefu arbab wake, Mwarabu aliyemdhamini huku, akamwambia khalas, basi, visa haitafanywa upya, umri umekwenda. Ndivyo mji huu unavyowaaga watu wake. Unaweza kuufungia mizigo zaidi ya miaka thelathini, na siku ya mwisho boksi linalofungwa ni lako. Mzee alikuwa na kisukari, akijichoma sindano kila siku, na sindano hizo zinataka ubaridi. Alipokuja kuniaga alibeba kikasha cha barafu chenye dawa za miezi mitatu. Akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa. "Taarifa inasema zahanati ina friji ya sola," akasema. Nikamwambia ndiyo, imeandikwa, na picha ipo. "Umemuuliza mtu?" Nikasema, "Mzee, si tulikubaliana?" Akaniangalia, akatikisa kichwa polepole. "Kweli. Tulikubaliana. Siwezi kuvunja makubaliano ya watu wote kwa ajili ya sindano zangu." Nakiri hapa, maana hii ndiyo sababu ya kuandika: siku ile nilifurahi. Niliona nimemshinda mtu ambaye hakuwahi kushindwa.

Baada ya maziko nilimpigia mpwa wake aliyekuwa akikaa naye. Nikamuuliza swali nililopaswa kuuliza kabla. "Friji ipo, dada," akasema. "Ipo ofisini kwa mtendaji. Bado ina nailoni yake. Haijawahi kuwashwa." Zahanati hufunguliwa siku mganga akipita, na mganga hapiti kila wiki. Mzee aliziweka sindano zake ndani ya mtungi wa maji, kama watu walivyomwelekeza, lakini joto la kule si la mtungi. Alisimama mara moja kwenye mkutano wa kijiji, akauliza friji itawashwa lini. Tangu siku hiyo, mpwa wake anasema, barazani watu wakawa wanainuka akikaa, mmoja mmoja, kila mmoja na udhuru wake. Mvua zikaja. Barabara ambayo nilisoma kwa kinywa changu kwamba inapitika mwaka mzima ikakatika sehemu mbili. Alipozidiwa walimpakia kwenye pikipiki, mwendeshaji mbele, mpwa nyuma akimshikilia kifuani, wakaanza safari ya mjini. Hawakufika. Nikamuuliza mbona hakutupigia simu, sisi watu wake wa miaka yote? "Nilimwambia apige. Akasema akipiga mtaona anawasuta."

Nimekaa na maneno hayo siku nyingi. Najiuliza ni nini kilichonifanya niipende taarifa ile, mimi ninayejisifu kwamba nanusa uongo wa wanasiasa kutoka mbali. Nadhani jibu ni chafu kidogo. Taarifa nzuri ilitufaa sisi kuliko wao. Huku tunafanya kazi mpaka miguu inavimba, tunaishi kwa ruhusa ya watu wengine, tunaitikia madam na sir kutwa nzima, na kitu pekee kinachotupa usingizi ni kuamini kwamba kule tulikotoka mambo yanakwenda. Kila imetekelezwa ilikuwa inatutua mzigo. Yule mzee alitaka tuubebe mwaka mzima, na tulimchoka. Mtendaji hakutudanganya peke yake. Alituandikia tulichotamani kusoma, na sisi tukampa kiburi cha kuandika zaidi. Kinachoniogopesha sasa si uongo ule. Kinachoniogopesha ni jinsi kijiji kizima kilivyojifunza kunyamaza, na jinsi kunyamaza kule kulivyofika kwetu kukaonekana ni amani.

Taarifa ya mwaka huu imekuja kabla ya arobaini yake. Ina kurasa nyingi kuliko ya mwaka jana na karatasi yake inang'aa hata kwenye simu. Huduma kwa wazee: imetekelezwa. Barabara: inapitika. Halafu kuna jambo jipya ambalo limewafurahisha wengi kundini: chumba cha kujifungulia kimekamilika, kitanda kipo, maji yapo, mkunga yupo. Picha inaonyesha pazia la maua lililoshushwa vizuri. Siku ya pili yake alinijia binti mmoja wa kwetu anayefanya kazi hotelini Al Mankhool, mimba yake ya kwanza, tumbo limeshakuwa kubwa. Alikuwa na furaha iliyomjaa uso. "Dada, madam amenipa likizo, tiketi nimeshakata. Mama anasema nikajifungulie nyumbani sasa chumba kipo. Nimekuja tu unithibitishie, wewe ndiye msomaji wetu."

Siku ile nilimwambia ngoja tu. Nikampigia mtendaji, nikamwomba anitafutie mwanamke mmoja tu aliyejifungulia katika chumba kile. Akauliza kwa ule upole wake, "Kwani dada picha hukuiona?" Nikasema nimeiona. "Basi inshallah tutakutafutia." Leo ni siku ya nne. Nimewapigia binamu zangu, nimempigia mke wa mjomba, nimempigia hata mwalimu wa chuoni aliyenifundisha Kurani. Wote walinichangamkia mpaka nilipotaja chumba, hapo sauti zikashuka. "Sisi hatujui mambo hayo, waulize wenyewe." Mke wa mjomba alikata simu kabla sijamaliza, na ni mtu anayenipenda. Nikaelewa kwamba hakuna anayetaka kuamka kesho aambiwe kuwa amehama.

Jana nilikwenda Al Mankhool kumwona yule binti, tukakaa kwenye ngazi za nyuma ya hoteli wakati wa mapumziko yake. Nikamweleza yote, kuanzia friji mpaka pikipiki. Nikamsihi, akifika Tanga asivuke mji, akae kwa jamaa karibu na hospitali mpaka ajifungue, kijijini aende baadaye na mtoto mgongoni. Alinisikiliza mikono ikiwa juu ya tumbo. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Aliuliza kwa sauti ndogo tu, "Dada, lakini si wewe uliyesimama ukatusomea kwamba kila kitu kiko sawa? Sasa niamini lipi, lile au hili?" Nimejifunza kwamba kuuliza ndiko kulikokuwa heshima, na kwamba mimi sikuwa na imani wala adabu siku ile. Nilikuwa nimechoka tu kuuliza, nikakuita kuchoka kwangu adabu, na watu wakanipigia makofi. Binti akainuka, akarudi kazini bila kuniambia ameamua nini. Ndege yake ni Alhamisi.