Binti wa Ngomeni Hakurudi Kwao

Siku waliyokuja kumposa mjukuu wangu sikutulia. Nilikaa, nikasimama, nikaenda jikoni kuangalia maharage yaliyokwisha kuiva, nikarudi. Kaka yangu, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wetu, akaniambia, "Dada, umekalia siafu?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mposaji alikuwa Mjerumani, na kwao sikujui.

Huku kwetu Mgwashi, kwenye milima ya Lushoto, sisi ni Walutheri wa miaka mingi, lakini mposaji lazima ataje watu wake, wa kwa baba na wa kwa mama, mpaka wazee waridhike kwamba hawaozi ndugu kwa ndugu. Mimi niliishia darasa la tatu, ila ukoo wetu naujua wote kwa majina, waliokufa na walio hai. Hapa siwataji, wengine watakuja kunilalamikia kanisani.

Mshenga alikuwa mwalimu wa Tanga anayefundisha Lushoto. Akamwambia kijana, "Anzia mbali." Basi kijana akaanzia mbali kweli! Kwa Kiswahili chake cha polepole akamtaja babu yao wa zamani sana, bwana mwenye ngome juu ya mlima, mwenye askari wa farasi na watu wa kumlimia. Mke wa kwanza alifia uzazini, akaoa mwingine. Mtoto mkubwa alirithi ngome. Wa pili wakampeleka nyumba ya watawa. Wa tatu akaenda vitani, wakakaa wakimngoja.

"Na mabinti?" nikauliza.

"Mmoja, Bibi," akasema, uso umemchangamka. "Baba yake alikuwa na ugomvi na jirani kwa ajili ya kinu cha kusagia. Akamwoza binti kwa mtoto wa jirani, ugomvi ukaisha."

Kaka akajipiga paja. "Kama watawala wetu wa zamani wa Vuga hasa! Nao walioa kila upande ili wapate wajomba kila kijiji. Huyu mtu wetu huyu!"

Mimi nikauliza, "Alipokuja kwao kusalimia, walimpikia nini?"

Kijana akamtazama mshenga, kisha mimi. "Hakuja, Bibi. Hakuwaona tena wazazi wake."

"Aliolewa mbali?"

"Hapana. Mlima wa pili tu. Ngome zilikuwa zinaonana."

Zinaonana! Nikasimama tena. Mshenga akaingilia, "Bibi, hayo ya kale. Siku hizi kuna ndege."

"Mwalimu, Tanga ni hapo chini tu. Mama yako ulimwona lini mara ya mwisho?"

Akainamisha kichwa, akanywa chai.

Nikatoa sharti langu. Kwetu mimba ya kwanza binti huja kujifungulia kwao, na huyu mimi ndiye niliyemlea. Kijana akajikuna shingo. "Siwezi kuahidi, Bibi. Kuna kazi, kuna daktari."

"Sema ndiyo, bwana!" kaka akamkemea. "Chakula kinapoa!"

Lakini hakusema. Ndipo sauti ikatoka chumbani, ambako mposwa anatakiwa anyamaze: "Bibi, niulize mimi! Nitakuja!" Nikasikia shangazi zake wakimziba mdomo, naye akicheka ndani ya viganja vyao. Nilikubali kwa ajili ya sauti ile. Na huyu kijana, angalau, hakunidanganya.

Sasa mjukuu wangu yuko kwao mumewe, na tumbo limeanza kuonekana. Mvua zimeanza, na barabara ya kupanda huku kutoka Mombo huwa inaporomoka. Jana mume wake alipiga simu.

"Shikamoo, Bibi. Tumekata tiketi."

"Marahaba. Ya nani?"

"Yake. Mimi nitafuata, mtoto akikaribia kuzaliwa."

Nilisema asante, simu ikakatika. Nikatoka nje, nikaingia. Kitanda nilichokuwa nimemtandikia nikakitandua, nikakitandika upya. Jirani akanipigia kelele kutoka ng'ambo ya shamba, "Sasa si utulie, mama! Tiketi si ipo?"

Tiketi mimi siijui. Nitatulia nikimshika mkono.