Mgeni Asiyekula

Kahambu hakuacha kubisha hodi kwenye mlango wa oveni. Kule Butembo, tanuri la matofali la mama yake lilikuwa uani, na likishapoa paka wa majirani waliingia kulala humo. Kabla ya kuwasha moto ulibisha kwanza ili aliyelala atoke. Sasa aliishi ughaibuni, ghorofani huko Evere, na oveni yake ya umeme haikuweza kuficha hata panya. Bado vidole vyake viligonga kioo, kisha ndipo alipofungua.

Ornella, binti wa marehemu dada yake, alimcheka tangu utotoni. "Maman Kahambu, nani atakuitikia humo?"

"Siku ataitika, weye njo utakimbia wa kwanza."

Kwa miaka mingi Kahambu alitunza wazee majumbani mwao, akiwanyanyua kitandani na kuwaogesha, mpaka mgongo ukakataa. Kilichobaki ni mikate yake ya maziwa, midogo, laini, iliyopakwa yai juu. Kanisani waliiagiza kwa ubatizo na kwa matanga. Ndipo tonton Lucien, mwenye duka karibu na Porte de Namur, akaahidi kumpa rafu nzima ya pale mlangoni, mradi apate kibali cha kuuza chakula anachokipika nyumbani.

"Nakungojea mpaka mwisho wa mwezi wa mai," alimwambia. "Baadaye, bon, kuko Bibiane, naye anapika mikate. Yeye kibali iko nayo."

Pasipo rafu ile, Kahambu angerudi kunyanyua miili ya watu, na mgongo wake usingerudi naye. Ornella alilijua hilo. Aliomba kibali kwa niaba yake, akapangiwa siku ya mkaguzi, akamweleza Kahambu mara kadhaa: jikoni pawe peupe, unga, siagi, mayai, basi.

Siku yenyewe ilipofika, Ornella alianza kusikia harufu akiwa bado kwenye ngazi. Alipanda mbio. Alipofungua mlango, sombe, yale majani ya muhogo, ilikuwa inachemka jikoni, makayabu, wale samaki wa chumvi, wamelowekwa kwenye beseni, na Papa Josias, mzee wa kanisa, ameketi katika suti na tai.

"Maman, nilisema nini?"

"Ulisema nisafishe. Nimesafisha. Angalia chini."

"Na hivi vyungu?"

"Muntu ya serikali anatoka mbali anakuya kwangu, nimuache na njaa? Alors weye ulikulia wapi?"

"Haji kula! Anakuja kutafuta kosa!"

"Ashibe kwanza," alisema Papa Josias akinyoosha tai yake. "Atatafuta polepole."

Kengele ya chini ikalia.

Ornella alifungua madirisha. Alibeba chungu cha sombe hadi chumba cha kulala, vidole vikiungua, na Papa Josias akakifuata nyuma taratibu, kama mtu anayesindikiza jeneza. Hatua zilikuwa zimeshafika kwenye ngazi. Beseni la samaki halikuwa na pa kwenda. Ornella alilisukuma ndani ya friji, juu ya siagi, akafunga.

Mkaguzi alikuwa msichana mrefu, jina lake Elise, mpole wa sauti. Alivaa koti jeupe, akapitisha kidole kwenye kingo za meza, akauliza maji ya kunawia yanatoka wapi. Kahambu alimjibu vizuri kwa Kifaransa. Ornella hakusikia chochote kati ya hayo. Macho yake yalikuwa kwenye mlango wa friji, na alipoona mkono wa Elise unaushika, alifumba.

Alipofumbua, maji ya chumvi yalikuwa yanadondoka juu ya siagi, tone baada ya tone.

Chumbani mtu akakohoa.

"Kuna nani mle?" aliuliza Elise.

Kahambu hakujua kumdanganya mgeni. Aliufungua mlango. Papa Josias alikuwa ameketi kitandani, chungu kati ya miguu, sahani juu ya magoti.

"Bonjour, madame," alisema, mdomo umejaa. "Karibu."

Elise aliuma mdomo, labda ili asicheke. Halafu akaeleza. Wanachokula nyumbani hakimhusu, lakini si katika saa za kazi, na si samaki wazi juu ya siagi ya mikate. Leo hawezi kukubali. Atarudi siku nyingine, bila kuwaarifu.

Kahambu alisikiliza mpaka mwisho. "Umemaliza kazi yako?"

"Ndiyo, madame."

"Basi kaa, ule."

"Siruhusiwi. Hata maji."

Kahambu alimtazama kama aliyepigwa kofi. Kwao, anayeingia nyumbani kwako akakataa chakula ana neno na wewe, na ni lazima alitoe.

"Tuna kesi gani, mimi na wewe?"

Elise akawa mwekundu hadi masikioni. "Hatuna, madame. Ni sheria."

Tangu siku hiyo, Kahambu akikanda unga hakumkaribisha mtu ndani. Waliomletea habari za Beni, mji wa karibu na kwao, walisimama kwenye ngazi na makoti yao, naye alitoka kuwasikiliza, mlango ameuvuta nyuma yake. "Kwa Kahambu siku hizi ni kama ku commissariat, kwa polisi," muumini mwenzake Précieuse alitangaza kanisani, "unasemea mulangoni." Watu walicheka. Kahambu alicheka nao, kisha akatazama chini. Kengele ikilia, mikono yake iliganda ndani ya unga. Siku za Mei zilizidi kupungua, na tonton Lucien alipiga simu: "Maman, bado tu?"

Elise alirudi wiki ya mwisho, siku ya mvua kubwa, nywele zimemganda shingoni. Mikate ilikuwa ndiyo kwanza imetoka. Ornella, aliyekuwa anapaka yai kwenye sinia la pili, aliweka brashi chini asije akaiangusha. Elise alifungua friji: siagi, mayai, maziwa. Alikagua meza, kabati, pipa. Aliandika kwenye karatasi yake. Kisha tumbo lake likanguruma, na wote watatu wakasikia.

Mkono wa Kahambu ulitoka wenyewe kuelekea kwenye mikate. Ornella aliacha kupumua. Mkono ukasimama hewani, halafu ukashika kitambaa na kuifunika mikate yote.

"Kila kitu kiko sawa, madame," alisema Elise. "Mtapata kibali chenu."

Ornella aliruka, akampigia tonton Lucien palepale, akipiga kelele kwenye simu. Kahambu alikuwa dirishani. Huko chini msichana alivuka barabara kuelekea kituo cha basi, kola ameiinua, mvua inampiga.

Hakutoka dirishani mpaka basi lilipokuja. Jioni Ornella alivaa koti lake, akambusu shavuni. "Maman, tumeshinda. Haufurahi?"

"Nafurahi."

Ornella alikuwa ameanza kushuka ngazi aliposikia mlango ukifunguliwa tena juu yake.

"Ornella! Yule mutoto ya batu ameenda na njaa."