Gauni Jeupe la Mama na Pasi ya Mkaa

Harufu ya pamba inayoungua hunirudisha Igowole, kwenye baridi ya Juni, wakati nguo zilikaa kambani siku tatu bila kukauka, na sisi tukazikausha kwa pasi ya mkaa. Nilikuwa na miaka kumi. Jumapili iliyokuwa inakuja mama angebarikiwa kuwa mzee wa kanisa, mwanamke wa kwanza usharikani kwetu, na gauni jeupe la pamba, moja tu alilokuwa nalo, lilikuwa bado na unyevu. Akanikabidhi nilipige pasi, yeye akaenda shambani.

Nikapepea makaa mpaka yakawa mekundu, nikakandamiza pasi mgongoni mwa gauni, halafu, mjinga mimi, nikachungulia dirishani kuangalia mbuzi wa jirani wakipigana. Nageuka, alama ya kahawia hiyo, pana kama kiganja. Yesu wangu! Nikaisugua kwa ndimu, nikaloweka, nikaanika kwenye kijua cha mchana. Jioni doa halikuonekana tena. Nilijiona fundi kweli kweli.

Sikujua kitu. Pamba ni selulosi, minyororo mirefu ambayo jicho haliioni, na joto likizidi minyororo hiyo hukatikakatika. Ndimu huondoa rangi tu. Nguvu ya uzi hairudi. Leo nafundisha hayo darasani Iringa, bila kuwaambia wanafunzi nilikojifunzia.

Maana mama alipopiga magoti madhabahuni kula kiapo, mgongo wa gauni ulipasuka, praa! Kanisa zima likasikia. Shangazi akakimbilia kumfunika kitenge.

"Wifi, jamani, imekuwaje?"

"Nimeliunguza mwenyewe kwa pasi," mama akasema. "Haraka zangu hizi."

Akaendelea na kiapo huku machozi yanamtoka. Nami kwenye benchi nikashusha pumzi. Ee, kumbe anadhani ni yeye! Labda alilipitishia pasi tena asubuhi, nikawaza. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Kesho yake akaniita, akanionyesha kunyunyizia nguo maji, na kuijaribu pasi kwanza kwenye kitambaa kibovu. Gauni hakulitaja. Nikadhani ananifundisha kazi za nyumbani tu.

Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima, nina binti yangu. Mama hakuwa ameigusa pasi wiki ile. Saa ileile aliyokuwa akiapa kusema kweli, amepiga magoti mbele ya mchungaji, alilidanganya kanisa zima kwa ajili yangu.