Mama Kwanza!

Mama Mizani alikuwa na wivu wa kupimwa kwa kilo, na kilo alizijua, maana kazi yake ilikuwa kupima unga kwenye mashine ya kusaga. Chochote kilichomkaribia mumewe alikionea wivu: redio yake, kiti chake, hata mswaki. Kuna jogoo wa jirani aliwahi kumchekesha yule mume asubuhi moja. Mama Mizani alimnunia jogoo huyo wiki nzima, mpaka jogoo mwenyewe akahama mtaa.

Mumewe ndiye aliyeendesha winchi ya kupandishia magunia ghorofa ya tatu, pale pale kwenye mashine. Watu walimwita Hesabu, kwa sababu hakugusa jambo kabla hajalipigia hesabu. Akipewa chai, anahesabu mafunda. Siku ya kuposa, aliwaambia wakwe zake bila hata kupepesa jicho, "Binti yenu nimempigia hesabu, nimeona anafaa." Hilo Mama Mizani alilisamehe. Asilolisamehe ni jibu alilopewa mwaka wa kwanza wa ndoa, alipouliza kwa sauti tamu kabisa:

"Mume wangu, nyumba ikiwaka moto, mimi nimo ndani, mama yako yumo ndani, utaanza kumtoa nani?"

Mwanamume mwingine angedanganya akala chakula chake kwa amani. Hesabu akaweka kikombe chini, akafikiri.

"Inategemea nani yuko karibu na mlango."

Siku tisa hakusemeshwa. Ukimya wa nyumba ile ulikuwa mzito hata nzi walikwenda kukaa kwa majirani. Na kila mwaka baada ya hapo Mama Mizani aliuliza tena, akibadilisha balaa tu: mwaka huu moto, mwaka ule tetemeko, mwaka mwingine simba. Jibu halikubadilika. Kitu kimoja tu alikitaka maishani yule mwanamke: aitwe wa kwanza, hata mara moja, na wengine wasikie.

Wengine wenyewe walikuwa wawili. Wa kwanza mama mkwe, aliyefika kazini kila siku na chupa ya chai ya mwanawe. "Chai ya kwenu," alimwambia Mama Mizani, "ni maji yaliyosimuliwa habari za majani." Wa pili aliitwa Sindano, mshonaji wa midomo ya magunia, mwembamba, kicheko karibu. Hesabu akipita, Sindano anacheka. Hesabu aliwahi kusema jambo gani la kuchekesha? Hakuna. Sasa anacheka nini?

Mama Mizani alijua uzito wa kila mmoja, kwa kuwa kazi ikipungua alikuwa akiwapandisha kwenye mizani kwa mchezo. Mama mkwe kilo arobaini na moja, pamoja na ulimi. Sindano arobaini na nane. Bosi, mwenye mashine, mia na saba. Mwenyewe alikuwa themanini na nane, "na viatu," kama alivyopenda kusema. Bila viatu pia zilikuwa themanini na nane.

Basi asubuhi moja, saa nne hivi, bwawa la huko juu mtoni likapasuka. Wabebaji walikuwa wametoka na lori. Ghala la chini walikuwamo hao wanne tu, na Hesabu juu anapaka winchi yake mafuta. Maji yaliingia mlangoni bila hodi. Yakafika vifundoni, yakafika magotini. Gogo moja kubwa kama basi likagonga ngazi ya chuma ya nje, likaondoka nayo kana kwamba liliagizwa kuichukua. Wanne wale wakapanda juu ya rundo la magunia, na unga wa chini ukaanza kulowa. Naambiwa mto ule ulikuwa uji kwa siku tatu, na samaki wa bondeni walinenepa hata wakashindwa kugeuka.

Juu yao palikuwa na tundu la kupandishia mizigo. Kichwa cha Hesabu kikatokeza.

"Vuta!" bosi alipiga kelele. "Unangoja nini?"

Hesabu alikuwa anaitazama kamba. Kamba ilikuwa kuukuu, ina fundo katikati ilipounganishwa. Tangu mwaka juzi aliomba mpya, na kila akiomba bosi alijibu, "Hiyo bado ina nguvu." Ilivuta gunia moja moja la kilo hamsini, haijawahi kuvuta zaidi. Umeme nao umekatika. Itabidi winchi izungushwe kwa mkono. Hesabu akafumba macho, midomo ikicheza. Chini wote wanne walijua anafanya nini. Halafu akafumbua.

"Mama kwanza!"

Haya. Mama yupi? Mama yake mzazi ni mama. Mke naye, tangu mtoto wao wa kwanza, nyumbani hakuitwa jina jingine ila Mama. Na Sindano ana pacha wadogo, mtaa mzima unamwita Mama Pacha. Wanawake watatu wakapiga hatua kwa pamoja, rundo la magunia likayumba, bosi akashikilia ukuta.

"Kaniita mwanangu."

"Kamwita mkewe! Wewe hapa umeleta chai tu."

"Mimi nina watoto wananingoja," alisema Sindano, na mara hiyo hakucheka.

"Mama aliyenizaa!" ilisikika sauti kutoka juu.

Mama mkwe akafungwa kwenye kulabu, akapaa huku anapunga mkono kama anapita mbele ya halaiki. "Mimi nilijua," aliwaambia wa chini. Mama Mizani akajipoza moyo. Sawa, mzazi ni mzazi. Kamba ikashuka.

"Sindano!"

Hapo Mama Mizani aliwaka. Wivu ulimpanda kwa joto hata bosi, aliyekuwa amesimama kando yake kwenye maji ya kiunoni, aliapa baadaye kwamba maji yalipata uvuguvugu. "Nenda, nenda na mshono wako!" alisema, huku anamkaza kamba yule mwenzake kifuani, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Sindano akapaa.

Kamba ikashuka mara ya tatu. Mama Mizani akainyanyulia mikono. Amebaki yeye na bosi, na yeye ndiye mwepesi. Hata kwa hesabu baridi za mumewe, zamu ni yake.

Kichwa cha Hesabu kikatokeza tena tunduni.

"Sasa bosi."

"Nini?" Mama Mizani alitazama juu mpaka shingo ikalia. "Hata bosi? Wewe mwanamume, umenioa mimi au umeolewa na mashine?"

Bosi hakungoja kuitwa mara mbili. Akapaa, na kamba ikalia kama mlango wa zamani. Wanawake wawili wa juu walikuwa wanasaidia kuzungusha. Hesabu hakumtazama bosi hata kidogo, alitazama fundo. Nyuzi mbili zikachomoka, fundo likajikaza, likatulia. Bosi akafika juu, akalala kifudifudi anahema.

Maji yalikuwa yamefika kifuani kwa Mama Mizani.

"Mama, panda!"

"Mama yupi?"

"Mama, jamani!"

"Nakuuliza, mama yupi? Huko juu unao wawili, na bosi wa tatu. Mimi niache hapa, niletee kiti tu."

"Mke wangu," sauti ya juu ilipasuka katikati. "Mke wangu, panda."

Akapanda. Alipanda ili akamtukane kwa karibu. Alipofika juu alishafungua mdomo, lakini Hesabu alimwahi, akaanza kumfungua kamba. Mumewe akamsogelea sikioni.

"Mama yangu kilo ngapi?"

"Arobaini na moja. Umeanza?"

"Sindano?"

"Na nane."

"Hawafiki hata gunia. Hao nilijua kamba itawashika. Bosi?"

"Mia na saba."

"Na wewe?"

"Themanini na nane. Na viatu."

Kisha Mama Mizani akazirudia zile namba kichwani. Mtu wa mizani huelewa haraka.

"Umenijaribia kamba kwa bosi!"

"Shh! Kichwa kiliniambia wewe kabla yake, ndiyo hesabu ya haki. Mdomo ukasema bosi." Hesabu akafuta uso kwa mkono wenye mafuta. "Hiyo haikuwa hesabu, Mama."

Hivyo ndivyo Mama Mizani alivyopata alichokitaka maisha yote, lakini kikawa kitu asichoweza kumwambia mtu. Angesema wapi? Mwajiri wao ndiye aliyekuwa gunia la majaribio. Bosi alitangaza kila mahali kwamba aliitwa kabla ya mke wa mtu kwa heshima yake, akanunua kamba mpya kwa furaha. Mama mkwe naye, watu wawili wakikutana tu, anaanza: "Mwanangu aliniita mimi kwanza." Mama Mizani anaumwa ulimi kwa kuufungia ndani. Anapima unga. Anapima tena.

Ila tangu siku hiyo, kila Jumatatu humpandisha bosi kwenye mizani. Bosi alipougua akashuka mpaka tisini na moja, Mama Mizani alikosa usingizi, kwa kuwa gunia lake la majaribio lilibaki kilo tatu tu juu yake. Akampelekea sahani asubuhi na jioni, na nyama juu yake. "Kula, bosi. Ongeza. Bado hujarudi."

Sahani zile Hesabu alizihesabu. Wiki ya tatu akaweka kikombe chini, akakohoa.

"Mama. Maji yakija tena, mimi nimo, bosi yumo. Utaanza kumtoa nani?"

Mama Mizani akamtazama, akaona wivu umekaa usoni kwa mumewe kama mgeni asiyejua pa kuweka mikono. Moyo wake ukacheza ngoma. Uso haukucheza.

"Inategemea," alisema. "Panda mizani kwanza."