Tulifungia nguo, wakabeba maharagwe

Jamani, leo nimeibiwa chakula kikiwa bado kinachemka.

Sitanii.

Mnajua vile hapa kwetu mtaani Lucky Summer nguo zilikuwa zinaibwa kwa kamba, hadi tukachoka kukaa juani tukizilinda. Basi wapangaji tukachanga, fundi akatuchomelea keji, kizimba cha chuma, kamba zikaingia ndani, tukapiga kufuli. Tangu hapo haijapotea hata soksi. Tukajisifu!

Leo mchana nimeacha maharagwe kwa jiko pale nje ya mlango, nikaingia ndani kukata kitunguu.

Kitunguu kimoja tu.

Kutoka, sufuria hakuna. Jiko pia hakuna. Wamelibeba na makaa yake ya moto!

Nikabaki nimesimama na kisu mkononi, machozi yananitoka. Ni kitunguu, nikawaambia majirani.

Kupigia polisi? Hata kile kibanda cha simu cha barabarani, wezi waling'oa simu yenyewe kitambo.

Mama Nekesa wa mlango wa pili akatikisa kichwa. "Pole, mama. Hawa hawajaacha kazi, wamebadilisha tu."

Watoto wamelalia chai kavu.

Jioni wapangaji wote wa ploti tumefanya mkutano. Tumekubaliana majiko yote yaingie kwenye keji, tupikie humo.

Nikauliza, "Na nguo, na huo moshi wote?"

Mama Nekesa akasema polepole, "Nguo zitoke."

Huko kwenu mnafungia nini siku hizi?

Mimi kesho mkinitafuta niko nje, juani, kwa stuli. Nalinda nguo.