Fundi wa Uthiru na Magoti ya Wapangaji Wapya

Saa nne asubuhi, Uthiru, pembezoni mwa Nairobi. Fundi Shem Wesonga amesimama nje ya mlango wa choo alioupachika kwa mikono yake, sikio kwenye mbao, jasho linamtoka katika baridi ya Julai. Ndani yuko Nyakio, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na miwili. Ameingia kukagua. Hatoki.

"Mwalimu, uko sawa?"

Anabisha tena, mara mbili.

Nyuma yake wanasubiri wenzake Nyakio, wazee sita wa kanisa moja, wastaafu wote. Mwaka huu wa 2006, watu wa aina yao ndio wanaogombaniwa na wenye nyumba kando ya barabara ya Waiyaki Way. Watoto wao wamehama, nyumba kubwa zimewaelemea. Wanazipangisha kwa familia changa, kisha wanatafuta vyumba vichache vya chini, karibu na wenzao.

Kwa ajili yao Kihara, mwenye ploti hii ya nyumba za kupanga, aliacha mpango wa ghorofa msingi ukiwa umeshachimbwa, akaamua kujenga nyumba za chini.

"Kijana anakaa miezi tatu, anahama usiku," anasema. "Mzee akiingia, ameingia."

Tatizo ni kwamba wazee hawa huamua kwa kikundi. Mmoja akikataa, wote wamekataa. Na asubuhi hii Kihara amemwambia Wesonga bila kupepesa macho: "Wakitoka hapa wamekasirika, ile kazi yako ya kujenga kule Kinoo napea mtu mwingine."

Kwa baba wa watoto wanne anayelipwa shilingi mia tano kwa siku, tena siku ikiwa na kazi, hayo si maneno ya kuchezea.

Wesonga alikuwa amejitahidi haswa. Aliondoa ngazi, akapanua milango. Choo tu ndicho alichokijenga kama alivyozoea: cha kuchuchumaa, vipandio viwili vya kuwekea miguu juu ya sakafu. Hakuna aliyemwambia vingine, naye hakuuliza.

"Fundi." Sauti ya Nyakio inatoka chini. "Miguu imekataa kuinuka."

Komeo liko ndani. Wesonga anawaomba wanaume wasogee, anang'oa bawaba kwa patasi, kisha anageuka huku Mwihaki, rafiki wa mwalimu, akiingia na leso. Fundi anatamani ardhi immeze.

Nyakio anatoka, ananyoosha gauni. Kihara anatazama geti, kana kwamba wapangaji wameshaondoka.

"Beba hiyo saruji," mwalimu anamwambia fundi.

Wesonga anajitwika mfuko mzima mgongoni, anaingia nao chooni.

"Chuchumaa. Haya, inuka."

Anashuka. Kuinuka kunamshinda, anaushika ukuta.

"Hapo umeshika, weka chuma ya kujishikilia," anasema Nyakio. "Na utoe hii kitu, uweke choo ya kukalia. Nyumba ni nzuri. Tutarudi Jumamosi."

Wazee wanacheka, Kihara anashusha pumzi. Wesonga hacheki. Ameketi juu ya kokoto, uso umemshuka.

Kabla ya kuanza kazi ya Kinoo, anasema, ataenda kwanza Bungoma kwa mama yake, ambaye kila Krismasi husukuma sahani ya jioni kando.

"Ananiambia hana njaa. Nimegombana sana na bibi yangu, mama watoto, nikidhani ni mapishi yake. Kumbe mama anaogopa akila ataenda choo usiku ashindwe kuinuka, na hiyo choo nilijenga mimi. Wacha nikamtengenezee. Halafu nitampakulia mwenyewe, nione kama atakataa."